Elastic APM kwa klasta ya utafutaji iliyo winguni: tathmini kutoka Kigoma

Duka letu la mtandaoni huuza dagaa wakavu, migebuka na mawese kutoka Kigoma kwa wateja walioko Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam, na wengi wao huanzia kwenye kisanduku cha kutafutia. Majibu yakichelewa, kila mtu hulaumu intaneti. Elastic APM, zana ya kupima utendaji wa programu, tuliyoiunganisha na klasta (kundi la seva) ya Elasticsearch, injini yetu ya utafutaji iliyoko kwenye huduma ya wingu ya Elastic Cloud, ndiyo iliyomaliza ubishi huo kwa vipimo, nami naipendekeza kwa dhati.

Kuiweka ni kazi nyepesi. Seva ya kupokea vipimo hupatikana humohumo Elastic Cloud, hivyo kinachohitajika ni anwani yake na tokeni ya siri (mfano wa nenosiri), ambayo ihifadhiwe katika mazingira ya seva wala isiandikwe ndani ya msimbo. Kwa programu ya duka iliyojengwa kwa Django (mfumo wa kutengeneza tovuti kwa lugha ya Python), husakinishwa wakala wa Python, yaani programu ndogo inayokusanya vipimo, na kuongezwa mistari michache katika faili la mipangilio. Baada ya hapo wakala huitambua mwenyewe maktaba ya Elasticsearch na kuanza kupima.

Thamani yake hasa imo katika mchoro unaoonyesha muda wa kila hatua ya ombi la mteja. Wakala hupima muda wote tangu ombi linapotoka kwenye programu hadi jibu linaporudi, ilhali Elasticsearch yenyewe hutaja katika jibu lake milisekunde ilizotumia kutafuta. Tofauti ya vipimo hivi viwili, kwa sehemu kubwa, ni safari ya mtandao. Ikiwa safari ndiyo inayokula muda, kuongeza kumbukumbu ya klasta ni kupoteza fedha. Inafaa kuihamishia programu katika kituo kilekile cha data ilipo klasta.

Mchoro huo huonyesha pia maneno ya ombi lenyewe, na hapo ndipo tulipofaidika zaidi. Ombi linaloanza na nyota, kama *gebuka, lililokusudiwa kunasa mgebuka na migebuka kwa pamoja, huilazimisha Elasticsearch kupekua maneno mengi mno ya faharasa (orodha ya maneno yanayotafutwa), kwa kuwa maneno hayo yamepangwa kwa kufuata herufi za mwanzo. Kwa lugha yetu, ambayo umoja na wingi hubadilika mwanzoni mwa neno, kishawishi cha kutumia nyota ni kikubwa. Suluhisho bora ni kuorodhesha maumbo yote mawili kama visawe katika kichambuzi cha faharasa, yaani sehemu inayoandaa maneno kabla ya kutafutwa.

Dosari zipo. Kwa kawaida wakala hurekodi kila ombi, na data hiyo hujaza diski inayolipiwa kwa dola. Kiwango cha sampuli cha 1.0 (kila ombi) kipunguzwe hadi 0.1 au 0.2 (ombi moja au mawili kati ya kumi) pale wateja wanapokuwa wengi. Vipimo vihifadhiwe katika klasta nyingine, maana klasta ya utafutaji ikianguka huku vipimo vimo ndani yake, chanzo cha anguko hakitaonekana. Gharama ya klasta hiyo ya pili ni mzigo kwa biashara ndogo, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa. Aidha, foleni ya wakala, ambamo vipimo husubiri kutumwa, ina kikomo: programu ikiwa kwenye seva ya ofisini na mtandao ukikatika kwa muda mrefu, vipimo vinavyozidi nafasi hutupwa, ingawa programu yenyewe huendelea na kazi.