Muziki au ukimya: Jaws na No Country for Old Men

Filamu zote mbili zimetokana na riwaya, na zote zinatisha, ila kila moja kwa njia yake. Wakati wa kupiga Jaws (1975), filamu ya papa anayeshambulia watu, papa wa mitambo aliharibika mara kwa mara, basi mwongozaji Spielberg akalazimika kumficha. Noti mbili za muziki za mtunzi John Williams zikawa ndizo papa mwenyewe.

No Country for Old Men (2007) karibu haina muziki. Moss, mhusika anayewindwa na muuaji, amekaa kitandani hotelini, bunduki mkononi, anasikiliza nyayo. Kivuli cha miguu kinatokea chini ya mlango, kinaondoka, halafu taa ya korido inazimwa. Hapo unajikuta umebana pumzi. Mimi nachagua ukimya, ingawa ukitazama kwa simu ndani ya daladala, Jaws itashinda tu.