Nyerere Square, Dodoma: pa kukaa bila kununua kitu

Mimi ni fundi cherehani, mashine yangu iko kibarazani, si mbali na Jamatini. Nikifunga jioni sirudi nyumbani moja kwa moja, napita kwanza Nyerere Square, uwanja wa wazi katikati ya mji, kunyoosha mgongo. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa si ya mtu aliyepita mara moja akapiga picha na sanamu ya Mwalimu.

Jumamosi nilikwenda na mjukuu wangu wa darasa la tatu. Tukanunua karanga za mia tano, tukakaa. Akazunguka kwa macho, maduka huku, maofisi kule, kisha akaniuliza: "Bibi, mbona hapa katikati hawakujenga?"

Swali hilo lingemfurahisha marehemu baba. Alitoka Kondoa kuja Dodoma kutafuta kibarua baada ya TANU kuamua, mwaka 1973, kwamba makao makuu yahamie huku. Mwaka huohuo ikaundwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na baba akapata kazi ya kuwashikia wapimaji ardhi mnyororo wa kupimia. Alikanyaga vichaka vya miiba tangu alfajiri, wakizika bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, mahali ambapo hapakuwa hata na kibanda. Ramani kuu ya mji ilitoka mwaka 1976, ikichorwa na wataalamu wa kutoka Toronto, Kanada. Ilitaka mji wa watu wanaotembea kwa miguu na kupanda mabasi, wenye maeneo ya wazi na miti kati ya makazi. Baba hakusoma sana, lakini neno "eneo la wazi" alilitamka kama mtu anayetaja shamba lake. Akiona mtu anapanga matofali kwenye eneo la wazi, siku hiyo chakula hakishuki.

CDA ilivunjwa mwaka 2017, kazi zake zikaenda kwa halmashauri, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Tangu serikali ihamie, kila kipande cha ardhi kina mtu anayekiulizia bei. Ndiyo maana nikikaa pale nashukuru. Hapa mjini ukitaka kivuli na kiti, mara nyingi lazima uagize soda. Pale sijawahi kuulizwa naagiza nini. Nakaa na mzee wa Kigogo anayenisalimia "mbukwenyi", salamu ya Kigogo ya watu wengi, hata nikiwa peke yangu, wanafunzi wa chuo na madaftari yao, akina mama waliotoka hospitali wakisubiri ndugu awapitie.

Kasoro zipo. Saa nane mchana usiende na mtoto; jua la Dodoma halina huruma na kivuli hakiwatoshi wote. Ningependa miti mingine ipandwe mvua zinapoanza, Desemba, na mtu apewe kazi ya kuimwagilia hadi Novemba inayofuata, kwa sababu huku mvua ikikata Aprili ndiyo basi, na mche usiomwagiliwa haufiki mwaka wa pili. Pia kijana mmoja mpiga picha alichukua elfu tatu yangu, picha ikatoka giza tupu, na sikumwona tena. Oneni picha kwanza, ndipo mlipe.

Muda mzuri ni kuanzia saa kumi na moja jioni. Juni na Julai bebeni sweta, ule upepo wa jioni unaingia mpaka kwenye mifupa na vumbi lake juu. Msimu wa zabibu ukifika, nunueni nusu kilo sokoni, osheni kabisa huko nyumbani, mje nazo.

Uwanja naupa nyota nne. Mjukuu nilimjibu kwamba hawakujenga kwa sababu kuna watu walioacha nafasi kwa makusudi, na babu yake mkubwa alikuwa akiwashikia mnyororo watu wa namna hiyo. Alinyamaza kidogo, akauliza mnyororo wenyewe ulikuwa na urefu gani. Tukasimama, tukaanza kupima uwanja kwa hatua zake.