Taa ya mtoto ya kugusa: umeme ukirudi, inawaka kama taa za wavuvi wa dagaa

Hii taa inayouzwa mtaani Mwanga, hapa Kigoma, kwa jina la "taa ya mtoto", mwanzoni niliisifu. Rangi yake ya chungwa ni sahihi kabisa: hafifu, inatosha kuona kama mtoto ameshika ziwa vizuri, na haimtoi usingizini. Ukiiweka sakafuni nyuma ya kitanda, mwanga ukapiga ukutani, macho yake hayakutani na balbu.

Kisha umeme ukakatika. Uliporudi, taa ikawaka nyeupe kwa nguvu zote! Sababu yake inaudhi kwa udogo: haikumbuki ulipoiacha. Kila ikipata umeme upya inaanzia hatua ya kwanza, na hatua ya kwanza waliyoichagua ni nyeupe. Mwanga mweupe una bluu nyingi, nayo bluu huzuia melatonini, homoni ya usingizi. Kichanga wa chini ya miezi 2 au 3 bado mwili wake haujajua usiku ni upi. Unamzoesha giza, saa 9 usiku taa inavuruga yote.

Muuzaji kuelezwa, kajibu: "Mama, ya kukatika umeme waulize wenye umeme. Taa si inawaka?" Hata kuishika hakuishika.

Basi ijaribuni palepale dukani: weka chungwa, chomoa, hesabu hadi 10, chomeka. Ikirudi nyeupe, mwachie. Kuichomeka kwenye pawabenki ili isizimike nako si dawa. Nyingi hujizima zikiona taa inavuta umeme kidogo mno. Na msiifunike kwa kanga, inapata joto, na chandarua kiko jirani.

Tena chungwa ni ya kunyonyesha tu. Manjano ya kichanga usiyatafute chini yake, kila ngozi inaonekana njano. Msogeze dirishani mchana, tazama weupe wa macho na fizi. Akionekana wa manjano ndani ya saa 24 tangu azaliwe, hospitali siku hiyohiyo.

Kwa rangi ile peke yake nilikusudia nyota 3. Nazifuta, kwa sababu ya rimoti inayokuja nayo. Kifuniko cha betri hakina skrubu, kinavutika kwa ukucha, na ndani mna betri bapa ya kitufe. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, ndani ya saa 2 inaweza kuwa imeshaunguza njia ya chakula. Wameiuza hivyo, na kwenye boksi wamechora mtoto amelala.