Pilipili haina kosa, kosa iko ku kopo

Wacha nianze na pointi ju najua kuko wenye hawasomaka mpaka mwisho: pilipili yenyewe naipa tano juu ya tano, kopo yake naipa sifuri, na mama mwenye anaiuzisha bado niko nafikiri.

Ni ile pilipili ya kusaga na mafuta, yenye banaweka mu kopo ya mayonezi yenye ilishaisha, etiketi imekwanguliwa nusu. Mama anauzisha huku Birere, mu Goma, jina sitasema ju nataka aendelee kuniuzishia. Elfu tano franga. Rangi ya machungwa, mafuta imepanda juu, harufu ya kitunguu saumu inakufikia hata kifuniko haijafunguka vizuri. Nikamuuliza, "Mama, inawasha sana?" Akajibu bila kuniangalia, alikuwa anahesabu pesa ya mtu mwingine, "Hapana papa, ya kawaida tu, nilitoa mbegu yote." Nikalipa nikaenda.

Siku ile shemeji yangu, kaka ya bibi, alikuwa anafika na boti toka Bukavu, na bibi alikuwa kazini mpaka jioni. Nikasema leo napika mimi, sambaza ya kukaranga halafu sosi ya nyanya na pilipili, bugali pembeni. Sambaza njo chakula ya kumpikia mtu wa Bukavu kama unatafuta maneno, ju bo banasema ni yao, sisi wa Goma tunasema ni yetu, na ukweli ni kwamba hako kasamaki kaliletwa tu mu Kivu toka ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, kwa hiyo wote tunagombania mgeni.

Sasa turudi ku kopo. Mdomo ya kopo ya mayonezi ni pana, kijiko ya supu inaingia na kutoka bila kugusa pembeni. Fikiria Akabanga, yale mafuta ya pilipili ya hapo ngambo Rwanda, ile kachupa kadogo kanatoa tone moja moja, hata ukikasirika hauwezi kumimina Akabanga, kachupa kenyewe kanakukataza. Hii kopo haikatazi kitu. Hii inakuambia karibu. Mkono ikaingia na kijiko ya supu, moja, mbili, na ya tatu nikaongeza kwa kiburi tu, ju shemeji anapendaka kusema watu wa Goma banakula pilipili kama bagonjwa.

Kosa ingine, na hii ni yangu sitaki uongo, niliiweka ya kwanza mu mafuta yenye ilikuwa inatoa moshi tayari, mbele ya nyanya, mbele ya kitunguu, mbele ya kila kitu. Ilikuwa mvua, babula, jiko yangu ya makala, nilikuwa nimeiweka ku barza, na upepo ukachukua ule moshi ukauingiza wote mu saloni. Nilikohoa mpaka nikaacha kijiko chini. Watoto bakatoka mbio mu mvua. Jirani wa parseli ya nyuma akapiga kelele juu ya ukuta, "Ni nini munachoma huko?!" Nikamujibu sosi. Akanyamaza, halafu nikasikia naye anakohoa.

Ungefikiria mtu mwenye akili angesimama hapo. Lakini shemeji alikuwa tayari ku mlango na begi yake, amelowa, ana njaa, nikatupa nyanya ndani, nikafunika, nikasema itapoa yenyewe.

Tukakaa. Shemeji akakata bugali, akachovya, akameza, akasema "Eh shemeji, kumbe unajua kupika." Mi nikacheka. Sekunde kumi hivi. Halafu sura yake ikabadilika rangi, jasho ikatoka ku pua, akachukua maji akamaliza glasi yote, ikawa mbaya zaidi. Na mi kwa heshima ya mgeni nikamuletea nini? Chai. Ya moto. Alikunywa ju ni mtu wa adabu, akaniangalia na macho yenye sitasahau.

Baadaye njo nilifahamu vizuri nilimufanyia nini. Kile kintu kinawasha mu pilipili kinaitwa kapsaisini, na hakiyeyuki mu maji, kinayeyuka mu mafuta, kwa hiyo maji inakitembeza tu mu kinywa yote kama vile unamwaga maji ku sufuria yenye mafuta bila sabuni. Na tena hakichomi kweli, kinadanganya. Kuko mlango fulani ku mishipa ya kusikia maumivu, yule David Julius wa Marekani, mmoja wa wale wawili wa Nobeli ya tiba 2021, aliupata kwa kutumia hiyo hiyo kapsaisini, na mlango huo huo unafungukaka pia kintu kikiwa moto kupita digrii 43 hivi. Sasa wewe pilipili imeshafungua mlango, unaongeza chai ya moto, ni kama kumusukuma mtu mwenye tayari ameshaanguka.

Kilichomuokoa ni mashanza, yale maziwa ya kuganda. Mtoto alitumwa ku jirani, akarudi na kikombe moja, na ku meza kulikuwa na kipande ya fromaji ya Masisi, shemeji akakula vyote viwili bila kusema kintu, karibu dakika kumi, halafu akapumua. Maziwa iko na mafuta, na protini yake inashika ile kapsaisini inaondoka nayo. Kama unanunua hii pilipili nunua na mashanza siku moja, mi naona ni bei moja.

Mimi sikuwa nimeumia mpaka pale nilijipangusa jicho. Hapo sitaeleza. Nilimwaga maji safi mu jicho mpaka ndoo ikabaki nusu, na mikono nilinawa na sabuni mara tatu bila faida mpaka mama jirani (yule mwenye alikohoa) akaniambia pakaa kwanza mafuta ya kupikia, sugua, halafu njo ulete sabuni. Ikatoka. Sikuwa najua hiyo, na umri huu wote.

Sosi sikuitupa. Pilipili ikishaingia haitoki, dawa ni kuongeza vingine: nyanya kilo moja, viazi, maji, sukari kidogo kabisa. Ikajaa sufuria mbili. Tulikula siku ine, na ya tatu njo ilikuwa tamu kabisa, ile butamu ya kweli, kitunguu saumu na moshi kidogo kwa mbali, bibi mwenyewe akaongeza mara mbili. Kwa hiyo narudilia, pilipili iko bien. Nusu kijiko ya chai ingetosha sufuria nzima.

Siku ya tano nikarudi Birere na shemeji. "Mama, ulisema ni ya kawaida." Akashangaa kweli kweli, hakuwa anaigiza. "Papa, si njo ya kawaida hiyo. Kali ni hii," akaonyesha kopo ingine, nyekundu. Na mbegu? "Nilitoa yote!" Alitoa kweli, niliangalia, hakuna hata moja. Ila ukali haukaaka mu mbegu, unakaaka mu ile ngozi nyeupe ya ndani yenye mbegu zinashikiliaka, na hiyo anaisaga yote. Nikamueleza, akasikiliza, akasema mama yake alimufundisha hivyo. Siwezi kumukasirikia. Kipimo yake ni ulimi yake, yenye imeonja pilipili kila siku miaka yote, na hata Scoville, yule mtu wa kipimo cha ukali ya 1912, alikuwa anafanya vile vile, anachanganya pilipili na maji ya sukari anaonjesha watu mpaka baseme haiwashi tena. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anaonjesha watu kadhaa, mama anajionjesha mwenyewe.

Kile nilimuomba ni kopo tu. Aweke mu kachupa, kifuniko chenye tundu ndogo, hata kama anapandisha bei. Akasema kopo za mayonezi anazipata bure. Basi.

Nyumbani nikataka kuihamishia mu kachupa ka dawa ya macho yenye ilikuwa imeisha, ju kanatoa tone muzuri sana. Bibi akanipokonya ku mkono. "Papa ya batoto, jicho moja haijakutosha?" Sasa iko mu chupa ndogo ya maji, kifuniko nimetoboa na sindano ya moto, inafanya kazi. Ile nyekundu sikununua. Shemeji njo alinunua, makopo mawili, akapanda nayo boti.