Jaketi na Glovu za Kupandia Kilimanjaro: Lipi Linunuliwe, Lipi Likodiwe, Lipi Liachwe Sokoni

Mtu anayejiandaa kupanda Kilimanjaro kwa mara ya kwanza huiogopa baridi kuliko kitu kingine chochote, na kwa sababu hiyo huenda sokoni kutafuta koti nene kuliko yote. Hofu yake ina msingi, lakini koti analorudi nalo mara nyingi silo. Huko chini, kuanzia langoni hadi karibu mita 2,800, mlima ni msitu wa mvua ambamo mpandaji hunyeshewa na kutoka jasho kwa wakati mmoja. Huko juu, usiku wa kuelekea Uhuru kwenye mita 5,895, hewa ni kavu, nyuzijoto huweza kushuka hadi 10 chini ya sifuri na zaidi, na upepo hauna kinachouzuia. Koti lililojazwa sufi humtokota mtu msituni, hulowa, halikauki kambini, na usiku wa kilele, linapohitajika hasa, bado lina unyevu. Kwa hiyo makoti yamepangwa hapa kwa kigezo kimoja: lizuie maji na upepo, lidumu, na kazi ya kuleta joto iachiwe sweta na fulana za ndani.

Nafasi ya kwanza, kwa mnunuzi anayetoa fedha mfukoni mwake mwenyewe, ninaipa jaketi la mitumba lililoshonwa kwa ajili ya mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa ubao, lisilo na sufi ndani. Wachezaji wa mchezo huo huanguka, hukaa kwenye theluji na kujiburuza, kwa hiyo majaketi yao hushonwa kwa kitambaa kigumu kuliko makoti ya kawaida ya mvua, na hukatwa mapana kiasi kwamba sweta mbili hukaa chini yake bila kubana mabega. Katika Soko la Memorial pale Moshi majaketi ya namna hii huchanganywa na makoti mengine ya baridi, na muuzaji mara nyingi hana habari ya tofauti. Utalitambua kwa sketi fupi yenye mpira inayofungwa kiunoni kwa ndani ili theluji isipande, kwa kimfuko kidogo kwenye mkono wa kushoto ambamo wachezaji hao hutia kadi ya kupandia lifti za mlimani, kwa zipu ndefu za kupitisha hewa makwapani, na pengine kwa kibandiko kidogo chenye neno RECCO. Kibandiko hicho huwasaidia waokoaji kumtafuta aliyefukiwa na maporomoko ya theluji. Kilimanjaro hakina kazi, lakini ni dalili kwamba jaketi halikutengenezwa kwa ajili ya mapambo.

Kabla ya kutaja bei, ligeuze ndani nje. Juu ya kila mshono pawe na utepe mwembamba uliogandishwa kwa joto. Upitishe ukucha kwenye kingo zake, hasa mabegani na kwenye kofia, na ukiinuka kirahisi ujue maji yatapita hapo hata kama kitambaa chenyewe ni kizima. Kisha kagua utando wa ndani, yaani ngozi nyembamba inayozuia maji. Majaketi mengi huwa na utando au rangi ya poliyurethani, aina ya plastiki, ambayo huoza kwa uzee na unyevu hata kama nguo haikuvaliwa: huanza kunata, hutoa harufu kali, halafu hubanduka vipande vyeupe kama mba. Jaketi la namna hiyo halina dawa, liache. Mwisho, bana kitambaa mdomoni upulize kwa nguvu. Hewa ikipenya, hapo hakuna utando unaofanya kazi. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae. Lakini matone ya maji yakizama kwenye kitambaa cha nje badala ya kuteleza, usilikatae, kwa kuwa dawa ya juu ya kufukuza maji ndiyo iliyoisha nayo hupuliziwa upya nyumbani, ila itumie kama hoja ya kupunguziwa bei.

Jaketi jipya la tabaka tatu ndilo bora zaidi kwa ubora mtupu, na limeshuka hadi nafasi ya pili kwa sababu ya bei peke yake. Tabaka hizo ni kitambaa cha nje, utando wa katikati na kitambaa chembamba cha ndani, zote zikiwa zimegandishwa pamoja. Utando maarufu kuliko wote ni Gore-Tex, uliotokana na ugunduzi wa Bob Gore wa Marekani mwaka 1969. Matundu yake ni madogo mno kwa tone la maji lakini yanaruhusu mvuke wa jasho kutoka. Lebo nyingi huonyesha kipimo cha milimita, yaani kimo cha safu ya maji ambayo kitambaa huistahimili kabla ya kuvuja. Milimita 10,000 ndicho kiwango cha chini ambacho ningekikubali kwa mlima huu, na 20,000 ni salama zaidi, kwa sababu mikanda ya begi la mgongoni huyakandamiza maji kwenye kitambaa cha mabega kwa nguvu kuliko mvua yenyewe inavyofanya. Majaketi ya daraja la juu huvuka dola 500. Mwongoza wageni anayepanda mwaka mzima atairudisha fedha hiyo. Anayepanda mara moja katika maisha yake hana sababu ya kuitoa.

Kwa huyo wa mara moja, kukodi Moshi au Arusha kunashika nafasi ya tatu, kwa sharti kwamba alivae jaketi lenyewe siku moja kabla ya safari, akiwa na nguo zote za ndani, na kulifunga zipu hadi kidevuni huku amevaa glovu. Asikubali kuahidiwa kwamba saizi yake italetwa langoni. Nafasi ya nne ni yale majaketi mepesi mapya yasiyo na kitambaa cha ndani, yanayokunjwa yakaingia mfukoni mwake yenyewe. Huzuia mvua vizuri mwanzoni, lakini begi huyasugua na utando huisha mabegani mapema. Koti la plastiki ni la mwisho kabisa, kwa kuwa jasho halina pa kutokea na mtu hulowa kutokea ndani, ingawa lile la kujitanda pamoja na begi lina msaada wake siku ya kwanza msituni. Wapagazi wasinunue chochote kabla ya kuuliza katika Kilimanjaro Porters Assistance Project, shirika la kuwasaidia wapagazi mjini Moshi, ambako nguo za mlimani huazimwa bila malipo.

Kwenye glovu sishauri kukodi. Zilizokodiwa zimelowa jasho la wengi, zimeshikana ndani, na saizi yako ndiyo huwa imeshachukuliwa. Ukilazimika kupunguza gharama mahali fulani, punguza kwenye jaketi, maana safari ya kilele kwa njia ya Marangu huanza karibu na saa sita usiku kutoka kambi ya Kibo, kwenye mita 4,720, na vidole huwa vimeshika fimbo kwa saa nyingi bila kusogea sana.

Zilizo bora ni za vipande viwili zisizotenganisha vidole: ganda la nje lisilopitisha maji na kifuko cha joto cha ndani kinachotoka. Vidole vinne vikikaa pamoja hupashana joto, na kifuko kikilowa hutolewa kikakaushwa peke yake. Chini yake vaa glovu nyembamba za vidole, ili unapotaka kufunga kamba ya kiatu au kupiga picha usibaki mikono mitupu. Nafasi ya pili inachukuliwa na glovu za vidole za kutelezea thelujini zenye kiganja cha ngozi, nazo huwafaa zaidi wanaopita njia ya Machame au ya Lemosho, kwa sababu kwenye Ukuta wa Barranco ni lazima kushika mwamba, na kitambaa huchanika pale ambapo ngozi ya mbuzi huvumilia. Kagua mshono kati ya kidole gumba na cha shahada, ambao huachia kabla ya mingine yote. Halafu tia mkono, kunja ngumi, uchomoe haraka: bitana ikifuata vidole na kutoka nje, haikushikizwa nchani, na ukiwa na mkono wenye jasho gizani hutaweza kuirudisha. Pasalie nafasi ndogo mbele ya ncha za vidole, kwani glovu inayobana huzuia damu na hupoza mkono hata ikiwa nene.

Glovu za kazi za ngozi zilizopakwa nta ya nyuki na kuvaliwa juu ya za sufi ni mbadala halali kwa mwenye bajeti ndogo. Za sufi peke yake, hapana, kwa sababu upepo wa juu hupita katikati ya nyuzi zake.

Jaketi la mitumba lifuliwe kwa sabuni ya maji isiyo na kilainishi, lisuuzwe mara mbili, lipuliziwe dawa ya kufukuza maji, na likikauka lipigwe pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa kingine, iwapo lebo yake inaruhusu, kwa kuwa joto ndilo linaloiamsha dawa hiyo. Glovu zenye ngozi zisianikwe karibu na jiko, maana ngozi hukakamaa na kupasuka. Mlimani toa vifuko vya ndani na ulale navyo ndani ya begi la kulalia.