Canonet QL17 GIII na mkanda wa ISO 400 kwenye jua la Unguja

Wapiga picha wengi watakwambia jua kali linataka mkanda wa ISO 100, wa 400 uuweke kwa ajili ya jioni (ISO ni wepesi wa mkanda kushika mwanga: namba ikiwa kubwa, unatosheka na mwanga mdogo). Ndani ya Mji Mkongwe mimi siufuati ushauri huo. Vichochoro ni vyembamba na kuta ni ndefu, kwa hiyo kivulini mwanga unaweza kupungua stopu tatu au nne (kila stopu ni nusu ya mwanga) kuliko uwanjani Forodhani, nako ni hatua chache tu. Mkanda wa 100 unafaa Forodhani, lakini ukiingia kichochoroni unabaki kuomba mikono isitetemeke. Basi saa sita mchana nami nimo, na HP5 Plus ya Ilford, mkanda wa ISO 400 wa picha nyeusi na nyeupe.

Kamera ni ya Canon, iliingia sokoni 1972. Lenzi yake ni ya milimita 40, tundu lake hufunguka mpaka f/1.7 na kufunga mpaka f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Hutazami kupitia lenzi. Unatazama kidirisha chake cha pembeni, ambako katikati unaona picha mbili zilizopishana, unazungusha pete mpaka ziwe moja.

Ubishi unaanza kwenye shata, yaani pazia linalofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye mkanda, maana kasi yake ya mwisho ni 1/500 ya sekunde. Wazee wa fani wana kanuni: juani kabisa weka f/16, na kasi ya shata ilingane na ISO. Kwa mkanda wa 400 hiyo ni f/16 na 1/500, kasi iliyo karibu zaidi, yaani kamera imefika ukingoni na haina pa kusogea. Ukielekea ukuta wa chokaa au mchanga mweupe wa Nungwi, unahitaji f/22 ambayo haipo. Pete ikiwa kwenye A, ambapo kamera hujichagulia tundu, sindano ya kipimamwanga inaingia kwenye wekundu na shata inagoma kufyatuka, hata ubonyeze vipi. Wapo wanaoudhika na tabia hiyo. Mimi naishukuru.

Dawa yangu ni filta. Hapa ndipo kamera ya aina hii inapozishinda zile za kioo cha ndani, ambazo unatazama kupitia lenzi yenyewe: ukifunga filta nyeusi ya ND, inayopunguza mwanga tu, au ya rangi ya chungwa, kidirisha hakiingii giza, unaendelea kuona na kulenga kama kawaida. (Kwa sababu hiyohiyo, hata kifuniko cha lenzi kikiwa kimebaki, kidirisha hakitakwambia.) Jicho la kipimamwanga limewekwa ndani ya pete inayofungwa filta, kwa hiyo linapima mwanga uliokwisha kupunguzwa na hesabu haikuhusu. Napenda ya chungwa. Inakula kama stopu mbili, inatia giza anga na maji ya bahari, na kuta nyeupe zinasimama. Kichochoroni naivua na kuitia mfukoni.

Kama mkanda mzima ni wa ufukweni, nageuza piga la ISO hadi 200. Sindano inatoka kwenye wekundu, na wakati wa kusafisha napunguza dakika ili weupe usiungue. Ila mkanda mmoja husafishwa kwa namna moja, huwezi kuchanganya picha za ufukweni na za vichochoroni ukatarajia zote zitoke sawa. Kusafisha nyumbani nako kuna lake: maelekezo yanataka nyuzi 20, na maji yetu ya bomba yako juu ya hapo, kwa hiyo barafu lazima.

Faida ya mkanda wa ISO kubwa juani sikuielewa kwa maelezo mpaka nilipoiona kwenye picha. Ukiwa na f/11 na umelenga mita 5, kila kitu kuanzia kama mita 2 na nusu hadi upeo wa macho kinatoka wazi. Vijana wanaporuka baharini pale Forodhani sina muda wa kuunganisha picha mbili. Nimeshalenga kabla hawajakimbia, 1/500 inawashika hewani. Shata yenyewe haina kelele, jambo zuri, ingawa si ruhusa ya kumpiga mtu bila kumuomba.

Kingine ambacho watu hawakitaji: flashi inakubali kasi zote, hata 1/500. Mzee amevaa kofia na jua liko utosini, macho yake yote yamo kivulini, flashi ndogo inamfungua uso bila kuharibu nyuma.

Chembechembe za mkanda zitaonekana kwenye anga ya picha, hilo likubali tu. Anayetaka anga laini atumie ISO 100 na abaki juani.

Ukiinunua, jua kwamba betri yake ya asili ilikuwa ya zebaki, volti 1.35, na haitengenezwi tena. Ya kawaida ya volti 1.5 inapotosha kipimo. Natumia za vifaa vya usikivu, namba 675, pamoja na pete ya kujazia nafasi. Zikishafunguliwa hudumu miezi michache tu, lakini bei yake ni ndogo.