Walisema ada inajumuisha mtihani

Nianze na kidole cha mafuta. Risiti ya malipo yangu ya mwisho ninayo hapa mezani, na pembeni ina alama ya kidole cha dada wa mapokezi, aliyekuwa anakula chipsi mayai huku ananijibu. Mafuta yamekauka, karatasi pale inaonyesha upande wa pili. Kila nikijiambia yameisha, naiona tena, na hasira inapanda.

Chuo chenyewe, cha kozi za mitandao ya kompyuta, sikitaji. Kiko Dar, ghorofani, unapita kwa fundi cherehani na kwa vijana wanaobadilisha vioo vya simu ndipo unakifikia. Ilikuwa mwaka juzi, kama si mwishoni mwa ule wa kabla yake. Nilikuwa nimemaliza diploma, niko nyumbani, na shangazi ananiuliza kila Jumapili kama nimeshapata kazi. Kila tangazo la kazi za ufundi wa mitandao nililoliona lilitaka CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco. Nilifikiria pia A+ ya CompTIA, cheti kingine cha ufundi wa kompyuta, nikaiacha kwa sababu ina mitihani miwili na kila mmoja unalipiwa peke yake. Nikajiona mjanja. Ujanja wenyewe uliishia hapo.

Tangazo lao lilisema miezi mitatu, laki tano na nusu, ada inajumuisha mtihani. Sasa mtihani wa Cisco peke yake ni dola 300, na kwa dola ya wakati ule hiyo ni laki saba na ushee. Yaani mtu anakuuzia sahani ya pilau anakwambia na mbuzi mzima ni wako, na wewe unatoa hela unashukuru. Hapo siwalaumu, hesabu ni ya darasa la nne na simu ilikuwa mkononi. Au tuseme nawalaumu, ila na mimi nimo.

Kozi ilipoisha nikaenda kaunta kuomba vocha, ile namba ya kuonyesha mtihani umeshalipiwa.

"Vocha ya nini?"

"Ya mtihani, dada. Wa Cisco."

"Mtihani si mmefanya Jumamosi?"

Jumamosi tulifanya maswali ishirini ya kuchagua, kwenye fotokopi iliyofifia, jirani yangu akinakili kwangu hadi nusura anakili na jina. Nikamwonyesha tangazo kwenye simu. Hakuacha kula. Akaivuta risiti yangu kwa kidole kile kile, akaitazama, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye ngazi: "Imeandikwa mtihani. Haijaandikwa mtihani wa wapi. We dada, kwa laki tano ulitaka tukupeleke na Marekani?"

Benchi zima likacheka. Kulikuwa na mzee amekuja kumwandikisha mwanawe, naye akacheka, na bado akamwandikisha.

Marekani yenyewe wala haihusiki. Mtihani ule unaufanyia kwenye kituo cha Pearson VUE, kampuni inayosimamia mitihani ya Cisco, na Dar vipo. Lakini jibu hilo lilinijia nikiwa nimeshakaa kwenye daladala, kama kawaida yangu.

Nilichopewa ni cheti chao, kina muhuri wa dhahabu, na neno CCNA limeandikwa kubwa kuliko jina langu. Nikakipeleka kwenye usaili. Mzee aliyenihoji alikigeuza nyuma, akakirudisha mbele, akaniuliza namba ya kuhakiki iko wapi. Nikamwonyesha muhuri. Akasema, "Mwanangu, hiki wamekupa waliokufundisha." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana kiliniuma zaidi.

Na hayo mafundisho! Daftari la kozi, ambalo tulilinunua kwao, lilikuwa bado limegawanywa ICND1 na ICND2, mitihani ambayo Cisco waliifuta Februari 2020 walipoleta huu mmoja, 200-301. Wiki mbili nzima tulikaa kwenye RIP, utaratibu wa zamani wa ruta kuelezana njia za mtandao. Mtihani wa sasa unataka OSPF, utaratibu mwingine wa kazi hiyo hiyo, unataka mambo ya waya na yasiyo na waya, unataka ujue JSON, ile namna ya kupanga data kwa maandishi, ni nini ukiiona. Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao kwenye kompyuta, walituuzia elfu ishirini kwenye flashi, kitu ambacho ukijisajili Networking Academy ya Cisco unapakua bure. Bure kabisa. Elfu ishirini hii inanikera kuliko ile laki tano, sijui kwa nini.

Kwa hiyo nyota moja. Na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haibonyezeki.

Ila nisiwe mnafiki. Pale pale, chumba cha mwisho kilichokuwa na swichi mbili na feni moja mbovu, kulikuwa na mwalimu wa maabara, mtu mpole, shati kalichomekea siku zote. Huyu daftari hakulifungua hata siku moja. Ile hesabu ya kugawa anwani za mtandao, ambayo diploma nzima niliikariri bila kuielewa, alinifundisha kwa nyanya. Una nyanya 256, alisema, unazipanga mafungu manne, kila fungu 64. Lakini katika kila fungu nyanya mbili haziuzwi: ya kwanza ni jina la fungu, ya mwisho ni ya kuita fungu zima kwa pamoja. Umebaki na ngapi za kuuza? Sitini na mbili. Mpaka leo nikiona /26, alama ya fungu kama hilo la anwani 64, naona meza ya mama wa sokoni.

Na kebo. Alitusimamisha tukiimba rangi za nyaya zake kama watoto wa chekechea: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ukikosea anakata kichwa cha kebo, unaanza upya, wala hakukaripii. Kazi niliyonayo sasa, ya kufunga intaneti kwenye maofisi, niliipata kwa kebo. Hawakuuliza cheti. Walinipa koleo, kebo na kipimo, taa nane zikawaka kwa mpangilio, wakaniambia njoo Jumatatu.

Sasa hapo nitoe nyota ngapi? Tatu? Kwa yule mwalimu ningetoa tano na hela ya soda juu. Lakini chuo si mwalimu. Chuo ndicho kilichomweka yule dada mbele na mwalimu kikamficha nyuma kwenye feni mbovu.

Mtihani wenyewe nilikuja kuufanya baadaye, kwa mkopo wa kikoba. Nikaanguka. Nilizidiwa kwenye mtandao usio na waya na kwenye ile JSON, mambo ambayo darasani hayakutajwa hata kwa bahati mbaya. Ukianguka unasubiri siku tano ndipo urudie, na unalipa upya, dola zote. Siku tano! Mimi nina zaidi ya mwaka najichanga. Rudisheni moja ile ile niliyosema mwanzo.

Juzi mdogo wangu kaniuliza asome wapi. Nikamwambia kule usikanyage, hata ukialikwa harusi. Usiku nikafikiria zile nyanya, nikaona roho inanisuta. Asubuhi nikapiga namba ya chuo niulize tu kama mwalimu wa maabara bado yupo, labda hufundisha na nyumbani kwake.

Ikapokewa. Sauti niliijua kabla sijasalimia, na nyuma yake nikasikia kitu kinatafunwa.

"Karibu, kozi ya CCNA? Ada inajumuisha mtihani."

Nikakata.